Hema Katika Shamba la Jirani: Jinsi Mapumziko Yalivyowafikia Watu Wadogo



Kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, familia nyingi za Ulaya zenye mapato ya kawaida hufunga hema na vyungu vichache na kuelekea baharini. Hazilali hotelini. Hukodi pembe ya malisho ya mkulima fulani karibu na pwani, hutandaza hema juu ya nyasi zilizokatwa, na kukaa hapo wiki moja au mbili. Watoto huamshwa na jogoo, hununua maziwa na mayai mlangoni mwa mwenye shamba, kisha hushuka ufukweni. Atazamaye jambo hilo leo aweza kudhani kwamba limekuwapo siku zote. Lakini umri wake haujatimia miaka mia, nalo lilipatikana kwa gharama. Tulitazame katika nchi ya Ufaransa, ambako historia yake yaonekana wazi.

Katika karne ya 19 reli zilipofika pwani, matajiri ndio waliofuata kwanza. Kwa ajili yao ilijengwa miji ya hoteli kubwa kama Deauville. Mfanyakazi wa kiwanda hakuwa na nafasi huko. Ilimpasa kungoja hadi mwaka 1906 ndipo sheria imhakikishie siku moja tu ya kupumzika kwa juma. Na kama angethubutu kuacha kazi juma zima, angepoteza mshahara wa juma zima, na watoto wangelala njaa. Kwa hiyo waliishi watu mjini Paris waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka, bila kuiona bahari, ingawa treni iliweza kuwafikisha huko kwa saa chache.

Mwaka 1936 mambo yaligeuka. Mwezi wa tano, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ulishinda uchaguzi, na Léon Blum akawa mkuu wa serikali. Wakati huohuo wafanyakazi wapatao milioni 2 waligoma, wengi wao wakikaa ndani ya viwanda mchana na usiku. Tarehe 7 mwezi wa sita, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano katika jumba la Matignon, na tarehe 20 ikatoka sheria: kila aliyefanya kazi mwaka mzima apewe siku 15 za likizo, na alipwe mshahara wake. Waziri mdogo aliyeshughulikia michezo na mapumziko, Léo Lagrange, akapata kwa kampuni za reli tikiti ya pekee iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40, kwa ajili ya mfanyakazi pamoja na familia yake. Katika kiangazi hicho cha kwanza zaidi ya watu nusu milioni waliitumia. Wengine walisafiri kwa baiskeli, mume na mke juu ya baiskeli moja ya viti viwili.

Tikiti ilipatikana, lakini kitanda hakikupatikana. Hoteli zilikuwa ghali, na baadhi ya wageni wa zamani wa fukwe zile walinung'unika hadharani kuwaona wafanyakazi mahali walipopazoea kuwa pao. Basi wageni wapya walilala wapi? Wengi walirudi kwa ndugu zao vijijini, kwa maana wafanyakazi wengi wa miji walikuwa watoto wa wakulima. Vijana walipata makao ya bei nafuu yaliyoanzishwa Ufaransa miaka michache kabla na mlei Mkatoliki Marc Sangnier. Waliobaki walibeba hema, wakabisha hodi kwa mkulima.

Shamba lilifaa kwa sababu za wazi. Kufikia mwezi wa saba, majani makavu ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi huwa yamekwisha kukatwa na kuhifadhiwa ghalani. Uwanja hubaki mtupu, wenye nyasi fupi, tayari kupokea hema. Kisima kipo, maziwa yapo, viazi vipo. Mkulima hapotezi kitu kikubwa, naye huuza mazao bila kuyapeleka sokoni.

Katika jimbo la Bretagne mashamba hufika hadi ukingoni mwa bahari. Huko wakulima walizoea tangu zamani kukusanya mwani uliotupwa na mawimbi, kuupakia katika magari ya farasi, na kuurutubishia udongo. Kandokando ya Roscoff na Saint-Pol-de-Léon hulimwa koliflawa na artishoki. Mashariki zaidi, kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, kondoo hulishwa nyasi zinazofunikwa na maji ya chumvi. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko yaweza kupita meta 13, na asiyejua saa za bahari aweza kuzingirwa na maji. Mgeni wa mjini aliyejenga hema hapo alipata mwalimu bila kumtafuta: mwenye shamba ndiye aliyemwambia lini ashuke na lini apande.

Baada ya vita likizo ilirefushwa: majuma 3 mwaka 1956, majuma 4 mwaka 1969, majuma 5 mwaka 1982. Wageni wakaongezeka, na kupokea hema kukawa sehemu ya mapato ya mashamba mengi. Hata leo mkulima wa Ufaransa aweza kufungua uwanja mdogo wa hema zisizozidi 6, au watu wasiozidi 20, kwa kujiandikisha tu katika ofisi ya meya.

Hapa, vijana wapendwa, tutulie kidogo. Sheria ya 1936 ilimwangalia yule aliye na mwajiri. Mkulima aliyejitegemea hakuwa na mwajiri. Nani angemlipa likizo yake? Na hata kama fedha zingepatikana, ng'ombe wangebaki. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, pamoja na Jumapili na sikukuu. Akiachwa, kiwele huvimba, humwuma, na mwishowe humletea ugonjwa. Kwa hiyo mgeni alipumzika mbele ya macho ya mtu asiyepumzika. Zaidi ya wote ni mke wa mkulima: aliamka kabla ya jua, akakamua, kisha akawauzia wageni mayai na kuwasafishia mahali pa kuogea. Siku 15 za furaha ya familia moja zilikuwa siku 15 za kazi iliyoongezeka kwa familia nyingine.

Deni hilo lilipata jibu, ingawa polepole. Mwaka 1929 ilianzishwa Ufaransa JAC, yaani chama cha vijana Wakatoliki wa kilimo. Vijana wa vijijini walijifunza humo njia ileile inayojulikana katika vikundi vyenu: kuona, kupima, kutenda. Kutoka kizazi hicho walipatikana viongozi wengi wa vyama vya wakulima na vya ushirika. Vyama vya wakulima vijana vikaja na jambo rahisi, ambalo tangu mwaka 1972 lina muundo wa kitaifa: huduma ya kubadilishana zamu. Wakulima wa eneo moja huungana, huchanga fedha, na kumwajiri mtu ajuaye mifugo. Mmoja wao akiugua, au mke akijifungua, au familia ikitaka kwenda mapumzikoni, mtu huyo huja kukamua. Mwaka 2006 serikali nayo ilianza kurudisha sehemu ya gharama hiyo kwa njia ya kodi. Hivyo mfugaji naye aliweza kuiona bahari akiwa mgeni.

Linganisheni jambo hilo na amri ya Sabato katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Amri haiishii kwa baba wa nyumba. Inataja mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni. Mtunga sheria alijua kwamba pumziko la mmoja laweza kuwa mzigo wa mwingine, ndiyo maana aliwataja mmoja mmoja.

Nasi katika Kongo tuna sehemu yetu katika historia hii. Mwaka huohuo wa 1936, tarehe 8 mwezi wa saba, Ubelgiji nao ulipitisha sheria ya likizo yenye malipo: siku 6. Lakini mchimba madini wa Katanga, aliyeishi chini ya bendera ileile, hakuhesabiwa ndani yake, kwa sababu tangu mwaka 1908 koloni lilikuwa na sheria zake za pekee. Na leo, katika parokia zetu, wengi hawana mwajiri wa kuwapa likizo: mama anayelima na kuuza mihogo, baba mwenye mbuzi, kijana anayesukuma mkokoteni. Kwao, kama kwa mkulima wa Bretagne, sheria peke yake haitoshi. Huhitaji jirani anayesema: nenda, nitashika zamu yako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Nyumbani kwetu, ni nani asiyepumzika siku ya Jumapili, na kwa sababu gani?
2. Sikukuu zetu huongeza kazi ya nani?
3. Kikundi chetu chaweza kushika zamu ya nani katika mwezi huu, kwa siku ngapi, na kwa kazi ipi?