Kirusi Kilichofichwa na Malaria

Barabara ya Ntendo–Muze inaposhuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, hali ya hewa hubadilika kabisa. Juu, mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na watu huvaa makoti mwezi Juni. Chini, Ziwa Rukwa liko karibu mita 800: huko ni joto, mpunga na mbu. Kwa vizazi vingi mtoto wa bondeni mwenye homa na damu pungufu alipewa jibu moja, malaria. Mara nyingi jibu hilo lilikuwa sahihi. Historia inayosimuliwa hapa ni ya zile mara ambazo halikutosha.

Jina kubwa katika historia ya tiba pande hizi ni la Adrian Atiman. Alitekwa utotoni si mbali na Timbuktu akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Katika miaka hiyo 67 elimu ya damu iligeuka juu chini. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria. Mwaka 1910, James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu zenye umbo la mundu katika damu ya kijana kutoka Grenada. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza kwamba nchini Uganda wenye chembe hizo walikuwa wachache sana katika baadhi ya makabila, na kwa Waamba walikaribia asilimia 40. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, akatoa sababu mwaka 1954: anayerithi kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ilhali anayerithi viwili huugua. Basi selimundu imeifuata malaria. Ndiyo maana katika mabonde ya mbu kama Rukwa magonjwa haya mawili hayana budi kufikiriwa pamoja.

Atiman hakuwahi kusikia habari za ugonjwa wa tatu unaojipenyeza kati ya hayo mawili.

Mwaka 1975, mtaalamu wa virusi Yvonne Cossart alikuwa London akichunguza damu za wachangiaji wenye afya, akitafuta homa ya ini aina ya B. Sampuli namba 19 katika kundi B ilimpa jibu lisiloeleweka, na kwenye darubini ya elektroni vikaonekana virusi vidogo mno. Hivyo ndivyo parvovirusi B19 ilivyopata jina. Kwa miaka kadhaa haikujulikana inaleta ugonjwa gani. Jibu lilikuja mwaka 1981, kutoka kwa watu wenye asili ya Afrika: watoto wa wahamiaji wa Jamaica waishio London, wote wakiwa na selimundu, pamoja na wagonjwa wa daktari Graham Serjeant huko Jamaica kwenyewe. Damu yao ilikuwa imeporomoka ghafla, na kirusi kikakutwa ndani yake. Miaka miwili baadaye kilihusishwa pia na upele wa watoto unaoyafanya mashavu yawe mekundu kama yaliyopigwa kofi. Juu ya ngozi nyeusi upele huo hauonekani kwa urahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kirusi hiki kupita bila kutambuliwa kwetu.

Kirusi hushambulia chembe zinazozaa chembe nyekundu ndani ya uboho wa mifupa, na kwa wiki moja hivi uzalishaji wa damu husimama. Mtu mzima mwenye afya haoni kitu, kwa kuwa chembe zake nyekundu huishi siku 120. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Wiki moja bila chembe mpya inaweza kumwua, na kinachomwokoa ni kuongezewa damu mapema. Mjamzito naye yumo hatarini, kwani kirusi kinaweza kumfikia mtoto tumboni, kikampunguzia damu na kumjaza maji mwilini.

Daktari anakitambuaje? Kipimo cha kuanzia ni cha bei ndogo. Damu huchanganywa na rangi ya buluu, hupakwa kwenye slaidi, na mtaalamu wa maabara huhesabu chembe changa, yaani retikulositi. Malaria na selimundu huvunja chembe, na kwa kawaida uboho hujitahidi kufidia. Parvovirusi huufunga uboho wenyewe, na chembe changa hutoweka. Hapo jina la kirusi bado halijathibitishwa, lakini hatari imeonekana, na damu ya kuongeza inaweza kutafutwa siku hiyo hiyo. Uthibitisho ni kazi ya maabara kubwa. Kingamwili za IgM huonyesha maambukizi mapya na hubaki miezi miwili au mitatu. Za IgG huonyesha ya zamani. Mapema mno, au kwa mtu mwenye kinga dhaifu, kingamwili huweza kukosekana, na hapo hutafutwa vinasaba vya kirusi kwa PCR.

Wadudu wa malaria kwenye slaidi hawamalizi swali. Bondeni watu wengi hubeba wadudu hao bila kuugua, na mtoto mmoja anaweza kuwa na wadudu wa malaria na parvovirusi kwa pamoja.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mpango wa selimundu wa Muhimbili ulioanzishwa mwaka 2004 chini ya Julie Makani ulifuatilia wagonjwa 1,725 hadi 2009, na himoglobini ya chini ilikuwa miongoni mwa dalili zilizoambatana na vifo. Kwa mzazi wa Muze, takwimu hiyo ina maana hii: mtoto mwenye selimundu akipauka na kulegea ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi aombe chembe changa zihesabiwe hata kama malaria imeonekana. Ndugu zake wenye selimundu nao wapimwe, kwa sababu kirusi hiki husambaa kwa njia ya hewa, na watoto wa nyumba moja mara nyingi hukipata katika siku zile zile.