Kunguni wa Nairobi: Wajue, Wapige Vita, Usirudi Nao Pwani

Kila Idd inapokaribia, sisi Waswahili tuishio Nairobi hufunga mabegi kurudi Pwani, na ndani ya mabegi hayo mara nyingine huwamo abiria asiyelipa nauli. Kunguni haruki wala hana mabawa. Yeye hubebwa tu. Hupanda kwenye begi, kwenye mkunjo wa kikoi, kwenye mshono wa godoro au sofa kuukuu, akateremka popote mzigo unapoteremshwa.

Mimi nakaa Kangemi, kando ya Waiyaki Way, na haya si ya kuhadithiwa. Binamu yangu alikuja kutoka Majengo, Mombasa, kwa matibabu, akalala kwenye sofa tuliyomnunulia mtu aliyekuwa akihama. Siku ya tatu mikono ilikuwa imemvimba, lakini hakusema neno. Aliona haya kumwambia mwenyeji wake kwamba nyumba ina wadudu. Vidoa vyeusi kwenye shuka ndivyo vilivyosema. Haya hiyo ndiyo inayowanenepesha kunguni, maana watu hudhani ni dalili ya uchafu. Sivyo. Mdudu huyu anataka damu na mwanya wa kujificha, na vyote viwili atavipata Lavington na Kileleshwa kama anavyovipata Kawangware. Mwaka 2023 jiji la Paris lilitaharuki kwa sababu yake, hadi serikali ya Ufaransa ikaitisha vikao.

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, rangi ya kahawia, bapa kama punje ya adesi. Mayai ni meupe, milimita 1 tu. Alama za kuumwa pekee hazitoshi kuamua. Kuna wanaovimba na kuna wasioonyesha kitu, ndiyo maana mume na mke hulala kitanda kimoja, mmoja akajikuna usiku kucha na mwingine akamwona mzushi. Chukua tochi. Angalia mishono ya godoro, upande wa mchago, pale mifumbati inapoungana na matendegu, nyuma ya soketi, mikunjo ya pazia. Utaona vidoa vya kinyesi, magamba waliyojivua, na wakiwa wengi, harufu inayokaribia ya dania mbichi.

Haijathibitika kwamba kunguni hueneza maradhi. Madhara yake ni usingizi unaopotea na ngozi inayokunwa mpaka ikatunga usaha, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo.

Sasa dawa, na hapa nitakuwa mkali. Katikati ya mji, hasa pande za River Road, utauziwa kichupa kisicho na lebo, na muuzaji atakuapia kwamba hakuna kunguni atakayebaki. Huenda hasemi uongo, ila sumu iliyotengenezewa shamba ikipulizwa kwenye godoro la mtoto ni hatari kuliko kunguni mwenyewe. Dawa halali huwa na lebo yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Na hata hizo halali hazifui dafu kila mara. Tangu mwaka 1947 kule Hawaii ilionekana kunguni wameizoea DDT, na leo wengi wamezoea pia zile dawa zilizoigwa kutokana na pareto, ua lilelile linalolimwa Nakuru na Nyandarua. Mafuta ya taa waliyopaka wazee wetu nayo tuyaache; kwenye chumba cha mabati chenye jiko, ni kuita moto.

Lakini wazee hao walijua jambo jingine. Kitanda cha kamba kilitolewa uani, kikagongwagongwa, kikamwagiwa maji yanayochemka. Joto la kupita nyuzi 50 humuua kunguni, na yai lake likihitaji zaidi kidogo. Kwa hiyo fua shuka na nguo kwa maji ya nyuzi 60, piga pasi ya moto kwenye mishono. Jua la Nairobi usilitegemee: ndani ya godoro hubaki baridi, na wadudu hujisogeza kivulini. Ukipata unga wa diatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, nyunyiza kidogo sana nyufani. Hukausha mwili wa mdudu. Funika pua, na usiutie kitandani. Chini ya kila tendegu weka kikopo chenye maji ya sabuni, kisha vuta kitanda kutoka ukutani.

Kuhama nyumba kwa mwezi hakusaidii, kwani mdudu huyu hustahimili njaa kwa miezi, na baridi ya huku humwongezea subira. Ukipuliza dawa, rudia baada ya wiki mbili, maana mayai huwa yameanguliwa.

Binamu yangu hatukumwacha aondoke hivihivi. Nguo zote zilichemshwa na kupigwa pasi, zikatiwa kwenye mifuko mipya iliyofungwa, na begi lake la kitambaa likabaki Kangemi. Mamake ana wajukuu watano wanaolala chumba kimoja. Nawe ukilala gesti mjini ukingojea basi la asubuhi, begi usiliweke kitandani wala sakafuni. Liweke juu ya meza au bafuni.

Kwa walio kwenye ploti, vita vya mtu mmoja ni bure, kwa sababu kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta na matundu ya nyaya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero inayoweza kuchukuliwa hatua, basi mwenye nyumba akikaidi, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Kwetu wapangaji wa vyumba kumi walichanga pesa za dawa, wawili wakafunga milango wakisema kwao hakuna kitu. Wiki ya tatu wadudu walikuwa wamerudi kupitia ukuta wa hao wawili. Mara ya pili milango yote kumi na miwili ilifunguliwa.