Upungufu wa sodiamu katika damu

Upungufu wa sodiamu, au haiponatremia, ni kushuka kwa sodiamu katika damu chini ya milimoli 135 kwa lita. Ikishuka ghafla, ubongo huvimba: mgonjwa huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, pengine hupata degedege. Kwa wakazi wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, na bonde zima la Kilombero, dalili hizo hufanana mno na za malaria kali, na mara nyingine hali hizo mbili humpata mtu mmoja.

Mara nyingi chumvi haijapungua. Maji ndiyo yamezidi. Homoni ya vasopresini huzifanya figo zibakize maji. Mwaka 1957 William Schwartz na Frederic Bartter walieleza wagonjwa wa saratani ya mapafu waliobakiza maji hivyo bila sababu ya kawaida. Nimonia na kifua kikuu huweza kuleta hali hiyohiyo. Kifua kikuu huweza pia kuharibu tezi za adrenali, homoni ya kotisoli ikakosekana na sodiamu ikashuka. Ugonjwa huo Thomas Addison aliueleza mwaka 1855.

Ifakara ni mahali pafaapo sana kwa utafiti wa upungufu wa sodiamu. Tangu 2005 watu wanaoishi na VVU hufuatiliwa huko katika mradi wa KIULARCO, na kifua kikuu huwaandama.

Sodiamu iliyopungua kwa muda mrefu isipandishwe haraka: kuipandisha kwa zaidi ya milimoli 10 kwa lita ndani ya saa 24 huweza kudhuru shina la ubongo daima.