Chuma cha Mchangani

Mvua ilipokatika, vijito vya Ukambani viliacha michirizi ya mchanga mweusi, mzito, wenye chuma. Wafua chuma wa Kikamba waliuzoa, wakauchoma kwa makaa huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikisukuma hewa tanuruni. Kilichotoka ni pumba la chuma na mavi yake. Kuyatenganisha kulitaka nyundo, jiwe la kufulia na subira kubwa.

Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, hivyo mwenye gobori aliweza kujitengenezea marisaa kwa moto wa kawaida. Chuma hudai nyuzi 1,538. Chembe ya mshale, basi, ilifuliwa, ikapakwa sumu ya miti ya Acokanthera na kuzungushiwa ngozi ili sumu isikauke wala kumdhuru mwindaji mwenyewe.

Lakini hata bunduki haikumhakikishia mtu usalama: mwaka 1851 Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliuawa msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa naye, alinusurika. Alipofika mtoni alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake, akaendelea kukimbia.