Kinga ya umeme: ni kudanganya?

Huko Ulaya, waendesha kinga wengi wa zamani hawapendi kinga ya umeme. Wanauliza: jasho iko wapi? Lakini ile si pikipiki. Moteri inasaidia tu wakati mguu unakanyaga pedali. Sheria ya Umoja wa Ulaya haiihesabu kati ya vyombo vya moteri, kama nguvu haipiti wati 250 na msaada unakatika kwa kilometa 25 kwa saa.

Kwenye mashindano, hasira yao ina msingi. Mwaka 2016, kule Zolder, Ubelgiji, moteri ilikutwa imefichwa ndani ya kinga ya mkimbiaji mmoja. Shirikisho la dunia, UCI, likamfungia miaka 6.

Lakini kwa barabara hakuna medali. Mzee mwenye kuumwa magoti anapanda kilima, anafika sokoni. Amemwibia nani?