Kushika kwa mimba: kazi ya waganga na neno la Kanisa

Katika inchi yetu, nyumba ikikosa mutoto, jamaa inanung'unika, na muke ndiye anayeshitakiwa wa kwanza. Kwa hiyo sisi wachungaji tunapashwa kujua historia ya kazi ya waganga juu ya utasa.

Mwaka 1956 Baba Mutakatifu Pio XII alisema na waganga wa mukutano wa dunia juu ya uzazi na utasa. Hakuna mutoto aliyekuwa amezaliwa kwa njia ya laboratwari. Walakini Papa alikataza kuunganisha yai na mbegu inje ya mwili.

Tarehe 25 Julai 1978, Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Wengi walifikiri shida imekwisha. Sivyo. Kuungana kwa yai na mbegu ni mulango wa kwanza tu. Wa pili ni kushika kwa mimba, na huu ndio mugumu: embriyo nyingi, ndizo chanzo cha mutoto, zikitiwa katika tumbo la mama hazishiki.

Kwanza waganga walitia embriyo mbili, tatu ao zaidi, kusudi moja ishike. Hivi mapacha walizidi, wengi wakizaliwa mbele ya wakati. Kiisha walijifunza kuzilisha siku 5 katika laboratwari, kusudi yenye nguvu ijionyeshe, na kuweka zingine katika baridi kali. Wengine walikwaruza ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi. Majaribu makubwa ya mwaka 2019 hayakuonyesha faida. Ubelgiji, tangu mwaka 2003, sheria inapunguza hesabu ya embriyo zinazotiwa, na mapacha wamepungua.

Tutazame vizuri. Kazi ile inaomba kuchagua: hii itiwe, ile iwekwe katika baridi, ingine itupwe. Hapo ndipo Kanisa linakataa. Donum vitae ya mwaka 1987 na Dignitas personae ya mwaka 2008 zinafundisha kwamba embriyo inapashwa kuheshimiwa sawa mutu tangu mwanzo. Lakini dawa na upasuaji vinavyosaidia tendo la ndoa vinakubaliwa.

Kukataa njia si kukataa mutoto. Mwezi wa Agosti 1978, Kardinali Albino Luciani, mbele ya kuchaguliwa kuwa Papa Yoane Paulo I, alimutakia Louise heri, wala hakuhukumu wazazi wake.

Kazi hii imefika karibu nasi: Kampala mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Lakini katika Afrika ya kati utasa mwingi unatoka kwa magonjwa ya zinaa yasiyotunzwa, yanayoziba mirija ya uzazi. Basi tuwafundishe vijana usafi wa moyo na kutafuta dawa mapema. Tuombe mume apimwe pamoja na muke. Na muke asirudishwe kwao, kwa maana sheria ya Kanisa, kanuni 1084, inasema wazi: utasa hauvunji ndoa.