Uvimbe wa Taya na Neno Lililokosekana: Historia ya Saratani ya Burkitt Kampala na Istilahi za Mgawanyiko wa Seli katika Kiswahili

Kati ya mwaka 1952 na 1962 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere. Ilikuwa imetoka Nairobi, na baadaye ingehamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa taasisi ya utafiti ndani ya chuo kikuu. Ng'ambo ya bonde la Wandegeya, mwendo wa miguu usiozidi nusu saa, ni kilima cha Mulago. Katika muongo huohuo, ndani ya wodi za Mulago, ulianza uchunguzi ambao ungekuja kubadili jinsi dunia inavyoelewa chanzo cha saratani. Kilima kimoja kilishughulika na maneno, cha pili na maradhi. Makala yote ya kitabibu nitakayoyarejelea hapa yaliandikwa kwa Kiingereza. Hoja ya makala haya ni kwamba bonde hilo dogo bado tunalilipia, na wanaolipa zaidi ni wazazi wa watoto wagonjwa.

Mwaka 1957 Dkt. Hugh Trowell, tabibu wa Mulago, alimwita mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa kiume wa takribani miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Uvimbe kujitokeza sehemu nne kwa wakati mmoja hakukufanana na jipu wala na saratani yoyote aliyoifahamu. Burkitt alipiga picha na kubaki na swali. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uso ulioharibika kwa namna ileile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Kutoka hapo alianza kupekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza maelezo ya watoto 38.

Ni desturi kusema kwamba Burkitt ndiye "aliyegundua" ugonjwa huu. Kauli hiyo inahitaji kupunguzwa ukali. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa zenye maelezo ya watoto waliokuwa na uvimbe wa taya wa aina hii. Mtaalamu wa patholojia J.N.P. Davies, ambaye katika miaka ya 1950 alisimamia uandikishaji wa wagonjwa wa saratani jijini Kampala, alikuwa amekwisha kuona kwamba saratani za mfumo wa limfu zilikuwa nyingi mno miongoni mwa watoto. Naye Gregory O'Conor alionyesha kwa hadubini kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ulikuwa ugonjwa mmoja, limfoma. Mchango wa Burkitt, ambao si mdogo, ulikuwa kuuliza swali la kijiografia: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Ili alijibu, alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za bara zima, na mwishoni mwa 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu. Walisafiri takribani maili 10,000 kuelekea kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyopatikana ilikuwa mkanda unaokata Afrika ya kati, wenye mkia unaoshuka kupitia pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Nyanda za juu hazikuwamo. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliona kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu. Sababu ilikuwa joto: mahali penye baridi au ukame uvimbe haukuonekana. Kwa mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa, ramani ya joto na mvua ni ramani ya mbu.

Kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Epstein alidhani kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda una kijidudu ndani yake. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kilipofika London majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Yalipotazamwa, yalikuwa yamejaa seli hai zilizokuwa zikielea. Kutokana na seli hizo Epstein na Yvonne Barr walifanikiwa kuziotesha maabara, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakatangaza virusi ambavyo leo huitwa vya Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hadi hapa simulizi ingeweza kuishia na mhalifu mmoja aliyekamatwa. Lakini Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia walionyesha punde kwamba virusi hivyo viko karibu kila mahali duniani. Zaidi ya tisa kwa kila watu wazima kumi wanavyo, na wengi wao hawatapata saratani hii maishani. Ilibidi jibu litafutwe ndani ya seli yenyewe.

Seli za mwili hazigawanyiki ovyo. Mabilioni ya seli hugawanyika kila siku, na kila moja hupita katika mzunguko wa hatua zinazojulikana: kukua, kunakili kromosomu, kukagua nakala, kisha kugawanyika. Kati ya hatua na hatua pana vituo vya ukaguzi. Anayezifahamu foleni za malori mpakani Malaba hahitaji maelezo marefu: hati isipokamilika, gari halivuki. Kazi ya kufichua protini zinazoendesha mzunguko huo ilifanywa hasa katika hamira na viumbe wa baharini, na mwaka 2001 Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Seli yenye kasoro isiyorekebishika husimamishwa, au huamriwa kujiua.

Katika miaka ya 1970 watafiti waliotazama kromosomu za seli za uvimbe wa Burkitt waliona kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kilikuwa kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ilibainika kilichomo katika kipande hicho: jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli iingie katika mgawanyiko. Kwa kawaida jeni hiyo huwashwa kwa muda mfupi na kuzimwa. Katika kromosomu ya 14 ilijikuta karibu na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B za damu huwa zimewashwa wakati wote. Amri ya kugawanyika ikawa haikomi. Ndiyo maana uvimbe huu ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kuliko mwingine wowote wa binadamu. Idadi ya seli zake inaweza kurudufika katika siku moja au mbili.

Malaria ya *falciparum* inayojirudia huchochea seli B kugawanyika kwa wingi, na katika shughuli hiyo kimeng'enya kinachokata na kuunga jeni za kingamwili hupata nafasi zaidi ya kukata mahali pasipostahili. Virusi vya Epstein-Barr navyo husaidia seli iliyoharibika isijiue. MYC huipa amri. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivi kinachotosha peke yake. Ninakaa juu ya jambo hili kwa sababu hapa ndipo lugha yetu inapokwama.

Tiba ilitangulia maelezo. Burkitt alijaribu dawa kama metotreksati na saiklofosfamidi Kampala kabla ya yeyote kujua habari za MYC, na baadhi ya watoto uvimbe wao uliyeyuka baada ya dozi chache. Seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazoumizwa zaidi na dawa hizo. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Hicho ndicho kiini cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi. Kwamba milango haikufungwa katika miaka hiyo ni habari inayostahili kitabu kizima.

Nirudi sasa ng'ambo ya bonde. Kiswahili hakikuwa na bahati nchini Uganda. Gavana Gowers alikipendekeza mwaka 1927. Kabaka Daudi Chwa alikikataa hadharani mwaka 1929. Amin alikifanya lugha ya taifa mwaka 1973, hisani ambayo ilikidhuru, kwani kilibaki na harufu ya kambi ya jeshi. Katiba ilikitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitekelezwe hivyo. Washauri wa sera waliomo katika hadhira yetu wanajua kwamba utekelezaji maana yake ni nyaraka, na baadhi ya nyaraka hizo ni fomu za ridhaa za hospitali inayopokea wagonjwa kutoka Kongo ya mashariki, Rwanda, Sudan Kusini na Kenya magharibi, ambao wengi wao huelewana na muuguzi kwa Kiswahili.

Je, Kiswahili hicho kinasemaje? Neno *saratani* lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, kama ilivyo katika Kilatini. Wanafalaki wa pwani walilijua kama buruji kabla halijawa ugonjwa. Jina hilo limekuja na vitenzi vyake: saratani *humwingia* mtu, *humla*, *humshika*. Mnyama ametoka nje. Luganda, nakiri kwa wivu kidogo, kimefanya vizuri zaidi kwa upande mmoja: seli huitwa *obutaffaali*, vijitofali, neno lililojengwa juu ya *tofali* la Kiswahili. Tuliwakopesha tofali, wao wakalijengea mwili. Sisi tumebaki na *seli* na *chembe hai*, ambazo si mbaya, ila hazimwonyeshi msikilizaji kwamba kinachovimba ni nyumba yake mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuhariri kipeperushi cha Kiswahili kwa ajili ya kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Kiliandika kwamba ugonjwa huu "husababishwa na virusi". Kwa mujibu wa maabara kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa msikilizaji wa Uganda, ambaye tangu miaka ya 1980 amelisikia neno *virusi* likifuatwa na *vya Ukimwi*, ina uongo mzima. Mama mmoja aliyesomewa aliuliza kama awatenge watoto wake wengine katika kulala, na kama yeye ndiye aliyemwambukiza mwanawe. Tulibadilisha sentensi. Tukaandika kwamba mtoto alipata malaria mara nyingi, kwamba ana virusi ambavyo karibu sote tunavyo, na kwamba katika seli moja ya damu yake udhibiti wa mgawanyiko umeharibika.

Neno *udhibiti* lilipita bila shida. Lililofuata ndilo lililotushinda. Mwandishi wa awali alikuwa ametumia "kasoro ya vinasaba", istilahi inayokubalika katika vitabu vya biolojia. Lakini ndani ya *kinasaba* imo *nasaba*, na nasaba ni ukoo. Baba wa mtoto mwingine aliposomewa aligeuka kumtazama mkewe, akauliza upande wa nani. Badiliko la kromosomu ya 8 na ya 14 halirithiwi. Hutokea katika seli moja, baada ya mtoto kuzaliwa, na halimo katika seli za mama wala za baba. Istilahi yetu sanifu ilikuwa imesema kinyume cha sayansi, na ilisema kwa ufasaha.

Kwa hiyo napendekeza kwamba, katika nyaraka za saratani zinazoandaliwa kwa ajili ya Jumuiya, *jeni* itumike badala ya *kinasaba* popote badiliko lisilorithiwa linapozungumzwa, na kwamba *kinasaba* ibakizwe kwa urithi halisi, kama selimundu. Napendekeza vilevile *jeni chochezi* kwa jeni za aina ya MYC, *jeni zuizi* kwa zile zinazosimamisha mgawanyiko, na *kituo cha ukaguzi* kwa hatua ya mzunguko wa seli. Najua wapo watakaosema kwamba *jeni* ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wapo pia waliokwisha kunieleza kwamba *kinasaba* imezoeleka mashuleni na kwamba kuigawa maana kutawachanganya walimu. Hoja ya pili ni nzito, na sina njia ya kuikwepa isipokuwa kuomba mabaraza ya Kiswahili yaijaribu istilahi hii wodini, mbele ya wazazi, kabla ya kuipitisha mezani. Katika kipeperushi chetu tuliandika *jeni*. Yule baba aliuliza jeni ni kitu gani, muuguzi akamweleza, na safari hii hakumtazama mkewe.